Kiganja Ndani ya Tokamak

Kazini wananiita Mama Glavu, na jina hilo sijawahi kulikataa. Kwenye mlango wa ukumbi wa mtambo kuna kibao nilichokiandika mwenyewe kwa herufi nyekundu: ATAKAYEGUSA NDANI KWA MKONO MTUPU ASIINGIE TENA HUMU. Hakuna "tafadhali". Tafadhali ya nini? Mtu mzima habembelezwi.

Nieleze mtambo wenyewe, maana nimechoka kuulizwa kama ni bomu. Si bomu. Unaitwa tokamak. Chukua tyubu ya tairi la lori, ifanye ya chuma, iwe kubwa kiasi cha mtu kuingia na kutambaa ndani kwa magoti. Izungushie koili nene za shaba ziwe sumaku. Nyonya hewa yote iliyomo, halafu tia haidrojeni kidogo mno, upitishe umeme. Gesi ile inageuka moto mkali ajabu, na sumaku zinaushika katikati usiguse ukuta. Wataalamu wanauita plazima. Wanasema ipo siku moto wa aina hiyo utawasha taa za dunia nzima. Sisi tulikuwa na mwaka wa sita tunatafuta kuuwasha mara moja tu.

Kazi yangu mimi ni hewa, yaani kuitoa. Na adui wa kazi yangu ni kidole cha binadamu. Alama moja ya kidole ina jasho na mafuta, na ukishafunga mtambo, yale mafuta yanafuka polepole mle ndani, pampu zinahangaika, na utupu haupatikani ng'o.

Kwa kidole kimoja nilimfukuza shemeji yangu. Ndiyo, ndugu wa mume wangu, tumbo moja! Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mikono yake haina mfano. Miaka miwili iliyopita alimaliza kuchomelea mshono mkubwa wa mtambo, akavua glavu, akaupapasa kwa dole gumba. Mafundi wa kuchomelea ndivyo walivyo, macho hawayaamini, wanaamini dole. Nilimfokea mbele ya watu mpaka mate yakanikauka. Akahamishiwa karakana ya uani, kutengeneza ngazi na matoroli. Tangu siku ile hasemi nami. Akija kula kwetu, akitaka chumvi anamwambia kaka yake, "Mwambie mkeo asogeze chumvi." Nami namjibu mume wangu, "Mwambie nduguyo mikono anayo."

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Kamati inayolea mradi ilishatoa neno la mwisho: plazima ionekane ifikapo Ijumaa, ama mtambo ufungwe kabisa na kila mtu ashike njia yake. Jumapili mchana tukafunga milango yote, tukawasha pampu. Kipimo cha hewa iliyobaki ndani kikashuka vizuri, kikashuka, halafu kikagoma. Jumatatu asubuhi kilikuwa pale pale, kama punda aliyeona daraja.

Tukatafuta tundu. Anayesoma gesi kwetu ni bwana mmoja mkimya tunayemwita Pua, kwa sababu chombo chake kinanusa kila kitu kilichomo ndani ya mtambo na kumwambia ni nini. Mimi nikapanda ngazi na mrija wa heliamu, nikipuliza kila kiungo kwa nje. Kukiwa na tundu, heliamu inaingia, na chombo cha Pua kinapiga kelele. Nilipuliza viungo vyote, mia na kumi na viwili. Kimya.

"Hakuna tundu," Pua akasema Jumatatu jioni. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mafuta, na yanatoka humo humo ndani."

"Basi pampu kubwa imerudisha mafuta yake," akasema Mkuu, mtaalamu mwenye mradi. "Kesho tuifungue." Akakaa juu ya sanduku la spana. Kufungua ile pampu na kuirudisha ni miezi miwili, na wote tulijua. "Tumekwisha, jamani," akasema.

"Ila kuna jambo la ajabu," Pua akaongeza, akiwa bado anakodolea skrini yake. "Naona na kitu kama kafuri. Pampu gani inatumia kafuri?"

Nikainama, nikalishika goti langu.

Goti langu linatumia kafuri. Kila asubuhi nalichua kwa dawa ya mafuta yenye kafuri, maana kutambaa ndani ya mtambo kwa miaka sita si mchezo. Jumamosi niliingia peke yangu kukagua mara ya mwisho. Washa moja ndogo, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye upenyo. Glavu ni nene, haishiki. Nikavua moja. Sekunde tatu tu! Nikaipata washa, nikataka kuinuka, goti likakataa, nikajishika ukutani nisianguke. Kiganja kizima, vidole vyote vitano. Nikapafuta kwa kitambaa na spiriti haraka haraka, nikajiambia pametakata. Nani aliniona?

Nikatoka nje, nikampigia mume wangu simu, nikamweleza yote.

"Ukisema, itakuwaje?" akaniuliza.

"Hawatafungua pampu. Watauoka mtambo kwa joto siku tatu, mafuta yaishe. Ijumaa tunawahi."

"Na usiposema?"

"Mtambo unafungwa, na hakuna atakayejua."

"Unangoja nini basi?"

"Nduguyo niliyemtoa! Na kibao changu! Nikisema, mimi ndiye natoka. Miaka sita nimeungojea moto ule, nisiuone?"

Akasema, "Mke wangu, mkuki kwa nguruwe." Akakata simu. Mwanamume gani huyo!

Nilirudi ndani. Mkuu alikuwa ameshaanza kuchagua spana za kesho. Nikasema, "Acheni hizo. Si pampu. Ni mimi."

"Wewe nini?" Pua akauliza.

"Kiganja changu. Na dawa ya goti."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mkuu akaweka spana chini. Nilidhani atanifokea, na nilitaka anifokee. Yeye akauliza tu, "Upande gani?"

"Chini ya dirisha la pili."

Hapo hapo akaagiza mikanda ya joto iwashwe, nyuzi mia na hamsini, isizimwe hadi Alhamisi jioni. Halafu akanivuta kando. "Mama, ile sheria tutaiweka pembeni. Bila wewe tusingejua."

"Haiwekwi pembeni," nikasema. "Shemeji yangu nilimtoa kwa kidole kimoja. Mimi nimeweka vitano." Nikampa Pua funguo zangu, nikatoka.

Wakanipeleka wapi? Karakana ya uani, kungekuwa wapi kwingine. Habari ilikuwa imenitangulia, kama kawaida ya habari mbaya. Shemeji alinyanyua kinyago chake cha kuchomelea, akanitazama toka juu hadi chini, akanionyesha ufagio kwa kidevu. Siku tatu nilifagia vipande vya chuma, naye hakusema neno.

Ijumaa saa nne king'ora kikalia. Transfoma ikanguruma, taa za karakana zikafifia. Nilishika ufagio kwa mikono miwili. Kisha kimya. Kisha kelele, vigelegele, watu wanapiga meza. Pua, yule mkimya, akatoka ukumbini anakimbia. "Imewaka! Imewaka! Sehemu ya kumi ya sekunde!" Akageuka, akarudi ndani mbio.

Shemeji akazima mashine yake. "Sehemu ya kumi?" akauliza. Maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka miwili.

"Ya sekunde," nikajibu.

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Hata kiberiti kinazidi!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka machozi, na machozi yakakataa kukatika. Moto wangu umewaka hatua arobaini kutoka niliposimama, na sikuuona. Na huyu hapa, mtu aliyeuchomelea nyumba yake, hakuuona pia, na ni mimi niliyemtoa.

"Shemeji," nikasema, "mshono wako niliupuliza Jumatatu. Haukuvuja hata chembe. Nilikudhalilisha mbele ya watu kwa kosa ambalo hata mimi nimelifanya, tena mimi nililificha. Nisamehe."

Akajifuta mikono kwenye tambara, taratibu, dole kwa dole.

"Nitakusamehe," akasema. "Lakini si leo. Siku hii nimeingoja muda mrefu, shemeji. Niache kwanza niifaidi."

Akashusha kinyago, akaendelea kuchomelea ngazi yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikakaa kwenye benchi, nikamwacha afaidi. Ilikuwa haki yake.