Jani la Kumpelekea Salvina

Kiti cha matairi kilishushwa kwenye pikapu siku mbili kabla ya Krismasi, bado kimevishwa nailoni, na majirani wa Kibosho wakaja kukitazama kama wanavyotazama ng'ombe wa kisasa. Basili ndiye aliyekileta kutoka Dar es Salaam, alikokuwa na duka. Mama yake, Leonia, magoti yalimgomea tangu masika ya mwaka jana. Kutoka jikoni hadi mlangoni alikwenda kwa kushika ukuta.

"Sasa nipeleke kwa Salvina," akasema.

Salvina, dada yake mkubwa, alikuwa kitandani tangu Novemba, na watu walisema Pasaka haioni. Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Leonia alikuwa ametamka kilabuni, mbele za watu, kwamba mtoto wa Salvina alikufa kwa homa, ameachwa peke yake nyumbani, mama yake yuko kilabuni anakunywa mbege. Ulikuwa uongo. Uchagani anayeletewa jani la isale hakatai kusamehe, na Leonia hakutaka kumtuma mtu alipeleke.

"Kesho, mama," Basili akajibu.

Kesho yake akamsukuma hadi kanisani, akasimama kila hatua wapigwe picha. Krismasi wakachinja mbuzi. Siku ya tatu ndipo akakielekeza kiti kwenye migomba, kwenda kwa Salvina. Njia ikaanza kuteremkia mferejini, matairi ya mbele yakazama kwenye tope.

"Huku hakupitiki, mama. Pasaka nitaleta mafundi." Mchana Basili alikuwa ameshaondoka kurudi Dar.

Akabaki Hilda, mjane wa mwana wa kwanza wa Leonia. Akafunga kitenge kiunoni, akachuchumaa.

"Panda mgongoni, mama."

"Nibebwe kama kichanga, watu waone?"

"Kiti walishakiona. Na mgongo wauone."

Leonia akapanda, jani mkononi. Hilda akavuka mfereji kwenye gogo, mguu mmoja mmoja, akapumzika mara mbili kwenye mibuni, kisha akamkalisha kwenye kigoda kando ya kitanda cha Salvina, akatoka kuomba maji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kumbe ulimi bado mzima."

Leonia akalinyoosha jani kwa mikono miwili. "Nilikukosea. Nilisema uongo juu ya mtoto wako. Nisamehe."

Salvina akalitazama lile jani, lililokunjamana kwa safari.

"Miaka tisa ulikuwa na miguu," akasema. "Kila Jumanne ulipita hapo nje na ndizi zako kwenda sokoni. Nilikuwa nakusikia ukicheka."

Akalipokea, maana halikataliwi, akalisukumia chini ya godoro. "Haya, nimepokea. Mila imetimia. Langu la moyoni usiniulize." Akageukia ukutani.

Leonia alitamani kutoka saa ile ile. Lakini hata kutoka kulitaka mgongo wa mtu, na Hilda alikuwa bado nje, akicheka na wenyeji wake. Hakumwita. Akakaa pale kwenye kigoda, mikono mitupu mapajani, akiutazama mgongo wa dada yake.