Suruali ya Televisheni

Shule niliacha darasa la tano, lakini nguo iliyochanika siwezi kuiacha. Mimi ni fundi cherehani. Ndiyo maana yakatokea yaliyotokea.

Binti yangu anaimba hip hop. Wenzake wanamwita Sindano, maana mapigo alijifunzia chini ya meza yangu, akisikiliza cherehani. Miaka minne alipeleka nyimbo zake televisheni, wasimjibu. Mwezi uliopita wakapiga simu: wanakuja kumrekodi nyumbani, nchi nzima imwone. Alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Siku yenyewe, asubuhi, mtayarishaji wa kipindi akaleta mfuko wa nguo, akasema watarudi saa tisa. Binti akaenda kusuka nywele. Nikafungua mfuko. Jinzi, imechanika magoti yote na paja moja. Nikajua imenasa mahali njiani. Mwanangu aonekane nchi nzima goti nje, kama hana baba? Nikatia viraka kwa ndani, nikashona mshono mdogo mdogo, nikapiga pasi mpaka mstari ukasimama kama wembe.

Saa tisa mtayarishaji akarudi na wapiga picha, akaishika jinzi kwa vidole viwili.

"Mzee wangu, nani kafanya hivi?"

"Mimi. Usijali, wala usinishukuru."

"Tuliinunua hivyo, imechanika. Ndivyo mtaa ulivyo."

"Mtaa upi? Huu una mafundi cherehani watatu."

Wapiga picha wakacheka. Yeye hakucheka. Akamwambia binti yangu avae nyingine, waende nyuma kwenye jalala, na wimbo wake wa mapigo ya cherehani auache. Aimbe njaa na polisi.

"Watu wanataka kuona umeteseka, dada."

"Walioteseka wapo, waulizeni wao. Baba, mimi nililala njaa lini?"

"Siku uliyonuna ukasusa chakula."

Nilitania tu. Kisha nikamvuta binti pembeni.

"Mama, nipe wembe. Kufumua ni dakika tano. Usipoteze bahati yako kwa kiraka changu."

Akaingia chumbani na ile suruali, akatoka ameivaa, akapitisha kidole kwenye mstari wa pasi.

"Jinzi hainyooshwi hivi, baba." Kisha akamgeukia yule bwana. "Naimba hapa, kwenye cherehani, na suruali hii."

Bwana akatoka kupiga simu, akarudi akitikisa kichwa. Wakafunga kamera zao. Suruali wakatuachia, kwao ilishaharibika.

Binti akakaa dirishani. Uso wake ulikuwa ule wa utotoni, anapojizuia kulia.

"Nisamehe, mama."

"Kanyaga, baba."

Nikatoa uzi, nikakanyaga cherehani bila kitambaa. Akaanza kuimba, mwanzoni sauti ikimkwama, kisha ikafunguka. Katikati ya wimbo mpiga picha mmoja akarudi kuchukua waya aliousahau. Akasimama mlangoni mpaka mwisho, akasema asante, akaondoka.

Waya kausahau tena.