Tela la Marehemu Velko

Askari wa barabarani alimrudisha Nedyalka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye njia panda ya kwenda kiwanda cha mafuta ya waridi, akiwa na magunia kumi na mawili ya waridi kwenye tela nyuma ya gari lake.

"Mama, ukipiga indiketa ya kushoto taa zote zinakonyeza," alimwambia kwa upole. "Ukikanyaga breki ndiyo zinafifia kabisa. Lori likikujia nyuma halitajua unataka nini. Rudi ukatengeneze."

Akarudi. Maua ya waridi hayana subira, jua likishapanda mafuta yanapotea. Ikifika saa nne, kiwandani wanayapokea kwa kununa, au hawayapokei kabisa. Kazi ya kuyapeleka ilikuwa ya mumewe, Velko, miaka yote, lakini Velko alizikwa mwezi wa pili. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza kuvuta tela mwenyewe.

Aliegesha uani, akayafunika magunia kwa shuka zilizolowa maji, akaanza na kitu alichokijua: balbu. Akabadilisha ya kushoto, kisha ya kulia. Akawasha. Hali ileile. Akachomoa plagi ya tela, akaisugua meno yake kwa msasa hadi yakang'aa, akairudisha. Hali ileile.

"Ukibadilisha balbu nyingine, duka litafunga kwa kuishiwa," sauti ikasema ng'ambo ya uzio.

Alikuwa Mincho, jirani yake, aliyetengeneza umeme wa tramu, zile treni za mjini, kule jijini Sofia kwa miaka thelathini. Yeye na Velko walikuwa hawasemeshani miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya uzio huohuo. Mincho alidai umesogezwa nusu mita, Velko akadai Mincho hajui kupima. Kwenye mazishi ya Velko, Mincho hakuonekana.

"Kama huna msaada, Mincho, nenda kanywe kahawa yako."

"Nimeshakunywa. Nipishe basi niingie nitazame."

"Usivuke. Sema ukiwa hukohuko, mikono ninayo."

Mincho akacheka kidogo, akaegemeza viwiko kwenye uzio. "Haya, Bi Nedyalka. Taa moja ikifa, lawama ni ya balbu. Zote zikichanganyikiwa pamoja, umeme umefika lakini hauna njia ya kurudi. Una waya mrefu?"

Alikuwa nao.

"Ncha moja ibane kwenye hasi ya betri ya gari. Hasi, siyo chanya, usije ukatuunguza. Nyingine gusisha kwenye chuma cha tela. Kwaruza kwanza, pawe peupe."

Nedyalka akakwaruza kwa bisibisi, akagusisha. Indiketa ya kushoto ikawaka peke yake, kali, tik, tik. Akautoa waya, zote zikaanza kukonyeza tena. Akaugusisha tena, safari hii bila sababu, ili aone tu.

"Umeona? Sasa fuata waya mweupe kutoka kwenye plagi. Unaishia wapi?"

Akalala chali chini ya mkono wa tela. Waya ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye fremu, na chini ya bolti palipotakiwa chuma kitupu, kulikuwa na rangi ya kijani, nene, inayong'aa. Velko alilipaka tela lote vuli iliyopita, tabaka mbili za rangi, kisha akaurudisha waya juu yake. Halikutumika tena hadi asubuhi hii.

"Ni rangi," alisema akiwa huko chini. "Kapaka rangi kila mahali, huyu mtu. Hata hapa."

Alisubiri kejeli. Miaka kumi na mmoja, na sasa Mincho alikuwa amepata nafasi yake.

"Kapaka vizuri," Mincho akasema. "Mimi ningeacha michirizi."

Nedyalka alibaki chini kwa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akafungua bolti kwa spana, akasugua chuma mpaka kikawa cheupe, akafunga, akapaka grisi ili kutu isiingie. Mincho akahesabu taa kwa sauti, moja moja, na kila moja ikaitikia.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Akaingia garini, akateremsha kioo.

"Mbona hukuja kumzika?"

Mincho akaangalia viwiko vyake. "Nilifika mpaka mlango wa kanisa. Nikaona watu watasema nimekuja kuhakikisha kweli amekufa."

"Kweli wangesema," Nedyalka akajibu. "Lakini ungekuja tu."

Askari yuleyule alimtazama akikata kushoto, akampungia mkono apite. Kiwandani mpimaji aliingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akasema maua bado ni baridi, akayapokea.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, Mincho aliingia kwa geti na ndoo mbili za kuchumia. Alichuma taratibu mno na kuvunja vikonyo, na Nedyalka akamkaripia kwa mstari mzima wa waridi, mwanzo hadi mwisho.