Ushahidi wa Pimamaji

Timazi, mwashi mstaafu, alijenga kuta zilizonyooka mpaka nzi akitua anateleza. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na pale kwa kinyozi hakuna aliyethubutu kuyapinga isipokuwa fundi cherehani, rafiki yake wa miaka arobaini.

Hapo hapo ndipo walipokosana. Timazi alilaza pimamaji lake, kifaa cha waashi cha kupimia usawa, kwenye kizingiti cha dirisha, na kile kipovu cha ndani kikatulia katikati kama bwana harusi mbele ya wakwe.

"Mnaona? Miaka hamsini nalitumia hili, sijaona dunia ikipinda hata unywele. Dunia ni bapa kama meza!"

Watu wakapiga makofi. Kinyozi naye akapiga, wembe mkononi, mteja nusura aende nyumbani na sikio moja.

"Dunia ni duara bwana, hata mtoto wa chekechea anajua," akasema fundi cherehani.

"Umeizunguka lini wewe, ambaye hata kola inakushinda kuizungusha?"

Kicheko kikalipuka. Fundi cherehani akachukua kofia yake, akatoka. Wiki tatu hakuonekana.

Ijumaa moja mkewe Timazi akamletea chai na habari. "Mwenzio anahamia kwa binti yake kesho asubuhi. Ndiyo mmeagana hivyo?"

"Aje yeye. Mimi ushahidi ninao."

"Haya, nieleze mimi nisiyejua ujenzi. Tuseme dunia ni duara, tena kubwa kupita kiasi. Pale dirishani pimamaji lako lingesema nini?"

Timazi akanyoosha mkono mezani, akaupima kwa macho. Kipande cha urefu wa mkono, juu ya mpira mkubwa namna hiyo, kingepindaje hata kionekane?

"Lingesema... vile vile."

"Sasa shahidi gani huyo, anayewaitikia ndiyo mshtaki na mshtakiwa?"

"Mke wangu, umenibomolea ukuta kwa kijiko!" Akacheka, akamshukuru, akatoka mbio na kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Alimkuta rafiki yake kati ya maboksi, cherehani imeviringishwa blanketi.

"Umekuja kunipima na mimi?"

"Nimekuja kukiri, ndugu yangu. Pimamaji langu halikuthibitisha kitu. Na ile ya kola, nisamehe."

Fundi cherehani akamtazama, kisha akakaa juu ya boksi. "Nami nikwambie ukweli. Ungeniuliza najuaje kuwa ni duara, ningekwama. Ushahidi wangu wote ni picha ya kalenda."

"Yaani wiki tatu tumenuniana, mmoja ana kipovu, mwenzake ana kalenda!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Kwa binti yangu kuna bahari," akasema fundi cherehani akijifuta macho. "Nitatazama meli zikienda mbali. Tumbo la meli likipotea kwanza, bomba la moshi likabaki linaonekana, maji yamepinda. Nitakupigia simu."

"Na ikififia nzima nzima?"

"Nitakupigia vile vile."

Timazi akamshika mkono, na safari hii hakutia chumvi. "Asante. Pale kwa kinyozi wote walinipigia makofi. Ni wewe tu uliyenijali kiasi cha kunikatalia."

"Mwenzangu, nakushukuru umekuja. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo la kuondoka bila kuagana nawe." Fundi cherehani akainuka. "Haya, shika upande ule. Mashine hii nzito, wala haijali kama dunia ni bapa."