Gari Lililozima Mara Tatu

Gari la Kilonzo lilizima kwa mara ya kwanza hata Thika hawajafika, na bibi harusi yumo ndani.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, siku zile za hali ya hatari. Kwa desturi, watu wa bwana harusi ndio huja kumchukua bibi harusi kwao, lakini Muigai na jamaa zake wa Ruiru walinyimwa pasi za kusafiri na serikali ya mkoloni. Mzee Musau wa Ngoliba akasema, "Basi nitampeleka binti yangu mwenyewe." Akaazima gari la jirani yake Kilonzo, gari kuukuu la kabla ya vita, na Kilonzo akaja kuliendesha.

Mchungaji alikuwa akifika Ruiru mara moja kwa mwezi, na saa nane treni ingemchukua. Ndila, bibi harusi, alilijua hilo. Alijua pia maneno aliyokuwa akiambiwa mama yake Muigai kisimani: "Wakamba watabadili nia, utaona. Huyo msichana hatakuja."

"Ni plagi tu," Kilonzo alisema, akizifungua. Akazipangusa, akazijaribu, moto uliruka vizuri. Akafungua kabureta, akaikuta kavu kabisa. "Aa, petroli haifiki." Akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti: petroli nusu tangi. Akafunga, akazungusha hendeli ya kuwashia injini, na gari likanguruma.

"Unaona, mzee? Gari ni kama punda. Lataka kubembelezwa."

"Bembeleza upesi," Musau akamjibu. "Jua halibembelezwi."

Walipita Thika. Kwenye mashamba ya mkonge gari likakohoa, likatulia kimya. Safari hii Kilonzo alifungua bomba la petroli akalipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, akatema mate mara saba. Bomba lilikuwa safi. Akafungua tena kifuniko cha tangi kuchungulia, akafunga, akazungusha hendeli. Likawaka.

Kilomita chache kabla ya Ruiru, katikati ya mikahawa, likazima tena. Kivuli kilikuwa kimeanza kuondoka chini ya miguu, maana yake saa sita imepita. Kilonzo alikaa juu ya jiwe akashika kichwa.

"Gari hili limerogwa."

"Limerogwa na nani?" Musau akauliza kwa ukali. "Sema wewe si fundi."

Ndila alikuwa ameyaangalia mambo yale tangu asubuhi, maana bibi harusi hana kazi nyingine garini. Akashuka, ameshika gauni lisiburure vumbini.

"Baba Kilonzo, kila likiwaka, limewaka baada ya wewe kufungua kile kifuniko. Plagi na bomba hazina kosa. Kifungue tena, tunyamaze tusikilize."

Kilonzo akakifungua. Tangi likavuta pumzi: fyuuu!

"Umesikia?" Ndila akasema. "Ni kama kibuyu chenye mdomo mwembamba. Ukikiinamisha ghafla uji hautoki, mpaka hewa ipate njia ya kuingia. Tangi hili halina pa kupumulia."

"Lina tundu dogo hapa kwenye kifuniko," Kilonzo akasema, akikigeuza. Akakisogeza machoni. Pale penye tundu palikuwa na kitu cha manjano, kimesawazishwa kwa dole gumba.

Mzee Musau akakohoa.

"Ni nta," akasema polepole. "Nilipoliosha gari jana nikaona kifuniko kimetoboka. Mzinga ukiwa na ufa tunaziba kwa nta, si ndiyo? Nikasema harufu ya petroli isiingie kwenye gauni la mtoto."

"Mzee Musau!" Kilonzo alicheka hata akashika mbavu. "Umelifanya gari langu mzinga! Kesho utalitundika mtini!"

"Na wewe umelipuliza tangu asubuhi, nyuki hukumwona hata mmoja."

Ndila alikwisha kuchomoa pini ya shela lake. Akachokoa nta hadi mwanga ukaonekana upande wa pili. Hendeli ikazungushwa mara moja tu. Hawakusimama tena.

Mbele ya kanisa la Ruiru watu walikuwa wamebaki wachache. Mchungaji alikuwa amefunga mkoba wake kwenye baiskeli, ila hakuweza kwenda popote, kwa sababu Ngendo, mama yake Muigai, alikuwa ameshika usukani wa baiskeli ile kwa mikono miwili.

"Mama, treni itaniacha," mchungaji alikuwa akisihi.

"Iende. Nimekuambia mtoto wangu yuko njiani."

Ndila alisikia neno lile kabla hajashuka. Ngendo hakusema 'mchumba wa mwanangu', wala 'yule Mkamba'. Akashuka, shela limelegea upande mmoja, vidole vimepakwa mafuta ya gari, haya imemjaa.

Ngendo akaachia baiskeli hatimaye. Akavifuta vidole vile kwa ncha ya leso yake, kimoja kimoja, bila haraka yoyote, na mchungaji akaanza kuufungua mkoba.