Kamati ya Kupokea Wageni

"Tabasamu lianze mgeni akiwa bado mlangoni," Mama Kamwendo alikuwa akisema. "Mkingoja akae kwanza ndipo mcheke, itasaidia nini? Haya, tena."

Wanawake saba wa kamati wakatabasamu. Felesiya, aliyekuwa amepiga magoti kati ya mabenchi akisugua sakafu kwa polishi nyekundu, aliinua macho, akaona meno yote yale yamejipanga, akayashusha. Mnadani mbuzi hufunuliwa mdomo kwa nguvu. Hawa walijifunua wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mji wa Zomba ulikuwa umefunikwa na manyunyu baridi ya mwezi wa sita. Kesho yake wangekuja wageni kutoka usharika mmoja wa Blantyre, ndiyo maana kamati ilikuwa inafanya mazoezi ya kukaribisha watu. Mazoezi! Watu wazima, wenye watoto wanaosoma chuo, wanafundishana kushikana mikono. Mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, alikosa mwenzake akaigeukia nguzo. "Karibu, ndugu yangu, jisikie uko nyumbani," aliiambia kwa upole, kisha akarudi nyuma, akakanyaga polishi mbichi na kuacha nyayo mpaka mlangoni. Felesiya alijikokota kwa magoti kuzifuta. Kutoka kwake hadi kwenye ile nguzo hazikuzidi hatua mbili.

"Wewe mama wa usafi," Mama Kamwendo aliita bila kugeuka. "Kesho ibada ikianza ukae jikoni. Chai isichelewe, na sitaki kuona mtu anapitapita na ndoo mbele ya wageni."

"Sawa, mama."

"Na hapo hapajang'aa. Ongeza."

"Naongeza, mama."

Akaongeza. Mdomoni halikutoka neno jingine, lakini moyoni, loo, aliwasema mpaka akachoka. Aliwajua waumini wale kuanzia chini. Alijua nani hutafuna karanga mahubiri yakiendelea na kusukumia maganda chini ya benchi la mbele. Alijua mzee wa kanisa anayefumba macho eti anaomba, kumbe kalala fofofo. Mama Kamwendo mwenyewe, aliyehamia kutoka Lilongwe miezi mitatu iliyopita na kukabidhiwa kamati kabla hajamaliza kufungua mizigo, alimjua kwa visigino vya viatu vilivyotoboa sakafu kila alipopita. Hao ndio waliojiita nyumba yenye mlango wazi. Mlango huo alikuwa akiufungua yeye, kila siku, saa kumi na mbili asubuhi.

Na Mungu hakuwa na kosa. Na Mungu walielewana vizuri tu. Walizungumza wakati wa kusugua, na Felesiya hakuwahi kumwona amejitia makuu. Tatizo lilikuwa watu wake.

Miaka tisa nyuma, mumewe alipofariki, alikuja kutoka Phalombe na barua ya kanisa lake la zamani ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi. Utaratibu aliujua: barua husomwa, jina lako likatajwa, ukasimamishwa mbele, watu wakakuimbia na kukupa mkono, na kuanzia hapo wewe ni mtu wa pale. Alimkabidhi mzee wa kanisa. "Tutakuita, mama," aliambiwa. Alingoja. Wakati anangoja wakampa funguo, asaidie usafi kwa muda.

Jumatano iliyopita, akipangusa droo za ofisini, aliikuta bahasha yake chini ya vipande vya mishumaa. Gundi ilikuwa haijaguswa. Hata umbea wa kuichungulia hawakuwa nao.

Aliitia kifuani, na hapo ndipo alipokata shauri. Jumapili, matangazo yakiisha, angesimama mbele ya wageni wao wa Blantyre, aweke funguo mezani na kusema: "Barua yangu nimeichukua. Sakafu yenu sugueni wenyewe." Kisha angevuka kijito aende kwenye lile kanisa dogo la mabati, ambako mchungaji hupayuka kama anauza dagaa wa usipa sokoni. Aliwadharau na wale pia, ila kidogo.

Jumapili aliiacha birika jikoni juu ya mkaa, peke yake. Alivaa gauni la buluu ambalo alikuwa hajalivaa tangu aje Zomba, akafunga kitambaa cha kichwa, akaenda kukaa benchi la tatu. Aliyekuwa kando yake alisogea kumpisha na kumwonyesha meno yote. "Karibu sana, mama, jisikie uko nyumbani." Ni yule wa kofia ya sufu.

Mzee wa kanisa alimaliza matangazo, akakunja karatasi. Felesiya akasimama, funguo zimemjaa kiganja cha kushoto.

Sekunde ileile Mama Kamwendo alijitokeza mbele, mikono ameitanua. "Na sasa wageni wetu wapendwa wasimame tuwaone! Tayari mmoja kasimama! Mama yetu wa gauni la buluu, karibu! Tupe jina lako na unakotoka."

Hakumtambua. Jana tu alikuwa akimwamuru. Lakini lini Mama Kamwendo alimwona akiwa amesimama? Mchungaji wao, Msosa, aliyemjua Felesiya vizuri sana, aliinamia Biblia yake na kutafuta ukurasa ambao hakuuhitaji.

Maneno yote aliyoyanoa yalikuwepo, tayari ulimini. Felesiya akafungua mdomo.

"Naitwa Felesiya Nangwale," alisema. "Natoka Phalombe."

Wakapiga makofi kanisa zima, kinanda kikaanza. Wimbo wa kukaribisha wageni alikuwa akiusikia kila Jumapili kutoka jikoni, akiukejeli kwa kugonga vikombe. Wimbo wa kipuuzi, maneno yaleyale yanazunguka. Sasa ulimjia usoni, una macho ya watu. Mjinga wewe, alijiambia, wanaliimbia gauni. Machozi yakamtoka hivyohivyo, na hasira nayo ikampanda kwa sababu ya machozi. Alikuwa ameutaka. Miaka tisa yote aliudharau wimbo ule, na miaka tisa yote alikuwa ameutaka.

Wakaja kwa mstari kumpa mkono. Karibu nyumbani. Karibu nyumbani, mama. Mwisho wao akaja Mama Kamwendo, tabasamu limeanza mbali kama alivyofundisha, akaudaka mkono wa Felesiya kwa mikono yake miwili. Akahisi ugumu wa kiganja. Akaangalia kucha, ambazo wekundu wake wa polishi hakuna sabuni iliyowahi kuutoa.

Meno yalibaki nje. Macho ndiyo yaliyobadilika.

"Felesiya," alinong'ona. "Na chai je?"

Felesiya aliendelea kusimama.

"Kaa chini. Wageni wanaangalia."

"Wimbo haujaisha, mama."

Kweli ulikuwa haujaisha. Ndiyo kwanza walikuwa wanaingia ubeti wa pili. Mama Kamwendo aliivuta mikono yake, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu kidogo. Felesiya hakuiachia. Alikohoa kusafisha koo, akaanza kuimba pamoja na wenzake.