Mpita Njia Dirishani

Hebu niambie ukweli, umewahi kumwonea wivu mtu ambaye hujamtia machoni hata siku moja, hujui ni mrefu au mfupi, unachokijua ni sauti yake tu ikitoka kwenye simu ya mwenzako? Kama hujawahi, mshukuru Mungu, kisha kaa vizuri nikusimulie ya Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na humo mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi, kabati la kioo lenye nguo zilizokwisha zikiwasubiri wenyewe, na kopo la biskuti lililojaa vifungo visivyo na ndugu. Chini ya dirisha palikuwa na kiti cha mdogo wake. Mdogo huyo nyumbani walimwita Chiriku, jina alilopewa na mama yao, maana alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mama alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea. Alimsomesha kwa sindano na uzi, na mtoto akatoka mwandishi. Si wa gazeti, wa mtandaoni. Alikuwa na blogu yake, akaiita Dirishani, kwa sababu hapo ndipo alipoiandikia, jicho moja kwa wapita njia, sikio moja kwa wateja wa dada yake.

Sasa, hao wawili walikuwa na desturi yao. Chiriku akishamaliza makala, kabla hajaitoa kwa watu, humsomea dada yake kwa sauti. Fundi haachi kushona. Anakanyaga, cherehani inalia, Chiriku anasoma. Sentensi ikiwa imekaa vizuri, mguu unaendelea. Ikiwa ina walakini, maneno makubwa kuliko jambo lenyewe, au kauongo kadogo ka kupambia, mguu unasimama. Fundi hasemi neno. Anajifanya anatafuta mkasi, na mkasi uko mapajani pake. Chiriku anaelewa. Anarudi nyuma, anafuta, anaandika upya, anasoma tena, mpaka cherehani ianze kulia. Wasomaji walimsifu binti huyo kwamba anaandika kama mtu anayeongea nao jikoni. Hawakujua kwamba nusu ya sifa hizo zilikuwa za mguu wa mtu mwingine. Fundi naye hakutaka wajue. Kwake ilitosha kuwa wa kwanza kusikia.

Ndipo likaja jambo la soko. Baraza la mji lilitaka kulihamisha soko la zamani, kulipeleka kwenye jengo jipya la ghorofa ng'ambo ya kituo cha mabasi. Watu wakagawanyika, hata mke na mume wakawa hawasalimiani vizuri. Waliotaka soko lihame wakaunda kundi lao kwenye simu, wakawakusanya wenye blogu na wenye ndimi nyepesi mtandaoni, na Chiriku akaalikwa. Aliyeliongoza kundi alikuwa mwanamke mmoja, wenyewe wakimwita Katibu.

Kila asubuhi Katibu alituma hoja za siku. Leo tuzungumzie usafi. Kesho tuzungumzie usalama wa akina mama. Mtu akiuliza habari za kodi ya vibanda, usimjibu kodi, mrudishe kwenye usafi. Na kila hoja ilikuja na sentensi yake iliyokwisha kupigwa pasi, wewe kazi yako ni kuivaa tu na kutoka nayo. Kisha zinafuata salamu za sauti, maana Katibu alipenda kusema kuliko kuandika.

"Chiriku mpenzi," sauti ilisema asubuhi moja, tamu kama ya mtangazaji wa redio, "jana umewakomesha kweli. Na leo nakutegemea wewe."

Sindano ikamchoma Fundi kidole. Akakitia mdomoni.

"Amelijuaje hilo jina?"

"Nani, Katibu? Nilimwambia mwenyewe, Dada. Tulikuwa tunacheka tu."

"Mlikuwa mnacheka."

"Kwani vibaya?"

"Nani kasema vibaya? Nipe hiyo chaki."

Baada ya hapo Chiriku akaanza kuvaa vile vidude vya masikioni. Anaandika, anatabasamu peke yake, anabonyeza, makala imekwenda. Siku ya kwanza Fundi alidhani amesahau. Siku ya pili akapunguza mwendo wa mguu ili sauti ikija aisikie. Siku ya tatu akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja sana ya jibu, "Leo huna cha kusoma?"

"Hamna haja, Dada. Hoja zimeshapita kwa Katibu. Ameziangalia zote."

Ameziangalia zote. Fundi alilitafuna neno hilo tangu asubuhi mpaka jioni na halikulainika. Akamshonea mteja mfuko wa suruali kwa nje, akaufumua, akaushona tena.

Akawa sasa anamsoma mdogo wake kwenye simu, kama mtu baki. Akaona mle ndani maneno asiyoyajua. "Soko la kisasa kwa mwananchi wa kisasa." Chiriku hajasema hivyo tangu azaliwe. Kisha akayaona maneno yaleyale kwenye blogu ya bwana mmoja wa habari za mpira, halafu chini ya habari ya ajali ya lori, mtu kayabandika tu bila kuulizwa, na wiki hiyohiyo mteja aliyekuja kupima sketi akajigeuza mbele ya kioo na kusema, "Mimi nasema, Fundi, soko la kisasa kwa mwananchi wa kisasa. Hapa kiunoni hapajabana?" Ilikuwa kama sare za shule, watoto mbalimbali, jora moja. Fundi angeweza kusema kwamba hilo ndilo lililomuuma, na wengi wangemsifu kwa busara. Lakini haikuwa hivyo. Kilichomuuma ni kwamba jora lilitoka kwa yule mwanamke. Alimtengeneza sura kichwani: kucha ndefu, viatu vya kugonga sakafu, mkoba wa ngozi. Siku nyingine akimfikiria humwongeza unene kidogo ili roho itulie.

Basi siku moja akaja Mzee Soli. Huyu alikuwa muuza viatu katika soko la zamani, na alileta suruali ipunguzwe miguu.

"Fundi, mdogo wako anatumaliza," alisema akivua kofia. Chiriku alikuwa ametoka. "Kila tukifungua simu, yeye. Hivi tumemkosea nini?"

"Kwani ninyi hamna wa kumjibu?"

"Tunao, sana. Na sisi tuna kundi. Kuna mwanasheria anatuletea hoja kila asubuhi, zimenyooka, kazi yetu kubandika tu. Mie hata nyingine sizielewi, nazibandika hivyohivyo."

Fundi akapima mguu wa suruali mara ya pili, na ulikuwa umeshapimwa. "Na mtu asiyeuza sokoni anaingia?"

Mzee Soli akamtazama vizuri. "Unataka kumpinga mtoto wako mwenyewe?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe Fundi unaingia hata kwa mlango wa mbele. Lete hiyo simu."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mpita Njia. Jina alilichagua Fundi mwenyewe, akatazama barabarani na kuliokota palepale. Kesho yake hoja ya mwanasheria ilipoingia, akaibandika chini ya makala ya Dirishani: "Maendeleo yasiyomjua mwenye kibanda ni jengo tupu." Kisha akawasha pasi, akasubiri.

Pasi haijapata moto, jibu likaja. "Ndugu Mpita Njia, karibu Dirishani. Nimesoma hoja yako mara mbili." Na likaendelea, refu, la heshima na la kuchoma. Fundi akainua macho. Chiriku alikuwa palepale dirishani, mbele yake, ameinamia simu, mdomo unachezacheza kama zamani akitafuta neno. Miezi hiyo yote hakuwa amemwambia dada yake maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Fundi aliyasoma mpaka kola ya watu ikaungua.

Ikawa ndiyo starehe yake. Asubuhi anabandika, mchana anajibiwa. Hakujali hoja inasema nini. Mara kodi, mara mifereji, mara sheria fulani ya ardhi ambayo hakuijua kichwa wala miguu. Aliitupa tu dirishani kama mtu anayetupa kokoto ili mwenye nyumba atokeze uso.

Tatizo likaanza mezani.

"Kuna mtu ananisumbua huko," Chiriku alisema wakati wanakula. "Mpita Njia."

"Anakutukana?"

"Hata. Ana adabu zake. Nadhani ni mzee mstaafu, jaji au nani. Kila siku nangoja nione ataniletea nini. Ana kichwa huyo."

"Umejuaje?"

"Anavyoandika, Dada. Wewe humjui."

Fundi akakisogeza chakula pembeni ya sahani. Akajikuta, jamani, anamwonea wivu mtu mwingine tena, na safari hii mtu mwenyewe ni yeye. Maana kichwa kilichosifiwa kilikuwa cha mwanasheria. Cha kwake hakuna aliyekiulizia. Siku iliyofuata alijaribu kuandika la kwake, akaandika, "Leo umekula?" akalitazama, akalifuta, akabandika lililotumwa.

Zikafika siku za kufungua shule. Wazazi walijaa mlangoni na mafurushi ya vitambaa, kila mmoja anataka sare yake jana. Hoja ya mwanasheria ikaingia Fundi ana pini mdomoni na mtoto wa watu kasimama juu ya kigoda akipimwa. Kwa kawaida alikuwa anaisoma, anaikata mwanzo na mwisho, ndipo anabandika. Siku hiyo akabandika yote kama ilivyokuja, akaitupa simu kwenye kopo la vifungo.

Mchana watu wakapungua. Fundi alikuwa anaunga mikono ya mashati, Chiriku yuko dirishani, mara akaangua kicheko, akachomoa vidude masikioni.

"Dada, sikiliza hii. Sikiliza Mpita Njia wangu alivyoniletea leo."

Akaanza kusoma. Kwa sauti, kama zamani, mguu mmoja kaukunja juu ya kiti. "'Ndugu mwandishi, unatuambia habari za usafi, lakini hujatuambia mwanamke mwenye meza ya nyanya atapandaje ghorofa na mzigo wake.'"

Cherehani ililia yenyewe. Wallahi mguu wa Fundi haukungoja kuambiwa. Miezi yote ile ulikuwa unakanyaga mahali pakavu, na sasa kuna sauti juu yake, inapanda, inashuka, inameza mate penye nukta. Hakusikia hata maneno. Chiriku akasoma la pili, akasoma la tatu, na Fundi anashona mshono ulionyooka kuliko yote ya juma lile. "'Tunaheshimu maendeleo,'" Chiriku akaendelea, "'lakini tunaomba tuulizwe kwanza.'"

Hapo Fundi akakumbuka kilichofuata. Akakiona kama alivyokiona asubuhi kwa jicho la haraka, chini kabisa ya ujumbe. Mguu ukasimama.

Chiriku naye akasimama kusoma. Hakufikiri, ni mazoea. Akarudi kwenye sentensi kutafuta kosa. "'Tunaomba tuulizwe kwanza.' Mbona hapa pako sawa, Dada?" Akangoja cherehani ilie. Haikulia. Akaendelea, kicheko kikipungua kadiri anavyosoma: "'Wanakundi, badilisheni maneno kidogo, jana mmefanana wote mpaka aibu. Mstari huu msiubandike.'"

Nje mtu alipita na mkokoteni.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakichekea," Chiriku alisema polepole. "Lakini umesimama kabla sijakifikia."

"Uzi umekatika."

Chiriku akaja mpaka kwenye cherehani. Uzi ulikuwa umekaa ndani ya sindano, mzima, umenyooka.

"Mpita Njia ni wewe."

Fundi akachukua mkasi, akauweka, akauchukua tena.

"Siku zote hizi. Mimi nangoja kila asubuhi, najisemea nimepata mtu wa kunisoma kweli, kumbe uko hapa unapiga pasi." Macho yalianza kumwiva. "Kama ulikuwa unapinga soko si ungeniambia? Nakula na wewe, nalala chumba cha pili."

"Maneno hayakuwa yangu. Ni ya mwanasheria mmoja."

Chiriku akaitazama simu yake. "Na yangu ya Katibu," alisema. "Basi tumekaa humu ndani tukiwagombanisha watu wawili wasiotujua." Akaketi juu ya meza ya kukatia, jambo ambalo Fundi hamruhusu mtu, na Fundi hakumkataza. "Sasa niambie wewe. Unataka nini? Soko libaki?"

"Maendeleo yasiyomjua mwenye kibanda..."

"Dada, usinibandikie. Nakuuliza wewe."

Simu ikatetemeka mkononi mwa Chiriku. Sauti tamu ikaanza, "Chiriku mpenzi," naye akaibonyeza ikanyamaza, bila kuitazama. Fundi aliliona hilo. Akalaza viganja vyote viwili juu ya shati la shule lililokuwa mbele yake, akalinyoosha, na hapakuwa na mkunjo.

"Soko likihama nitashona, lisipohama nitashona," alisema. "Mimi nataka unisomee. Kabla ya huyo mwanamke, kabla ya mtu yeyote. Nataka unisomee mimi kwanza."